Maswali mnayoniuliza kila mara kuhusu vitabu vinavyomhusu Jack Hammond na kasri lake la Gloucester

Jack Hammond ndo nani hasa?

John Hays Hammond mdogo, watu wake walimwita Jack. Mmarekani, kazaliwa San Francisco tarehe 13 Aprili 1888, kafariki Februari 1965. Ukitumia rimoti ya aina yoyote leo, ya droni, ya kigari cha mtoto, ya geti, unagusa kazi ambayo huyu jamaa aliisukuma mbele maisha yake yote, na Marekani wamezoea kumwita baba wa kuongoza vitu kwa redio. Alikuwa na patenti, yaani hati za kumiliki uvumbuzi, mamia kwa mamia. Halafu mtu huyohuyo ambaye kichwa chake kilikuwa kinaishi miaka hamsini mbele ya wenzake, akaamua kujijengea nyumba ya miaka mia tano nyuma, kasri la mawe juu ya mwamba, baharini kabisa, Gloucester, Massachusetts, akahamia na mke wake na paka. Mtu wa namna hiyo lazima aandikiwe vitabu, na vimeandikwa.

Kwanini unasema kasri na sio ngome?

Kwasababu ngome inajengwa ili watu wapigane. Fort Jesus pale Mombasa ni ngome, ina mizinga, ina historia ya damu. La Hammond lina kuta nene na madaraja na minara lakini lilijengwa kati ya 1926 na 1929, wakati mtu hawezi kuja na farasi kuivamia nyumba yako Massachusetts. Lilijengwa kwa ajili ya kuishi, kufanyia kazi, na kuweka vitu vyake vya kale alivyokusanya Ulaya. Kwahiyo kasri. Mwenyewe alilipa jina la Abbadia Mare, yaani abasia (nyumba ya watawa) ya baharini.

Nina hela ya kitabu kimoja tu, nianze na kipi?

Usitoe hela. Anza na cha mama yake, ni bure.

Najua hujategemea jibu hili, watu wengi wanaponiuliza wanataka niwaambie wasifu mkubwa wenye picha za kasri, na nitaufikia, ila nisikilize kwanza. Mama yake, Natalie Harris Hammond, alichapisha kitabu mwaka 1897 kinaitwa A Woman's Part in a Revolution, na kinatokea Johannesburg na Pretoria, sio Marekani. Hakimiliki ilishaisha zamani, unakipata Project Gutenberg, maktaba ya bure mtandaoni, unasoma kwenye simu. Ni kifupi, unakimaliza wikiendi moja. Mi nilikisoma cha mwisho na nikajuta kwasababu kila kitu nilichokuwa nimesoma kabla yake kilibadilika sura.

Johannesburg imeingiaje kwenye hadithi ya kasri la Massachusetts?

Hapa ndo penyewe, naomba muda kidogo.

Baba yake, John Hays Hammond mkubwa (majina yanafanana, msichanganye) alikuwa injinia wa migodi, mmoja wa waliolipwa vizuri kuliko wote duniani enzi zake. Mwaka 1893 aliletwa Afrika Kusini na Barney Barnato, tajiri wa migodi, baadae akahamia kwa Cecil Rhodes, huyo huyo Rhodes mkoloni mnayemjua. Kazi yake ilikuwa dhahabu ya chini sana, ile ya kuchimba kwa kina kirefu Witwatersrand, eneo la migodi la Johannesburg. Familia ikaja nayo, Jack akiwa mtoto wa miaka mitano hivi.

Mwisho wa 1895 wazungu wageni wa Johannesburg walikuwa wanapanga kuipindua serikali ya Paul Kruger, rais wa jamhuri ya Makaburu ya Transvaal, na Hammond mkubwa alikuwa ndani ya kamati ya mpango huo. Jameson, mtu wa Rhodes aliyepangwa kuja na jeshi kuwasaidia, akavuka mpaka na watu wake tarehe 29 Desemba kabla wenzake hawajawa tayari, akakamatwa tarehe 2 Januari 1896, mpango wote ukaanguka, viongozi wa kamati wakabebwa kwenda jela ya Pretoria. Aprili wanne kati yao wakahukumiwa kunyongwa: Lionel Phillips, Frank Rhodes (kaka yake Cecil), George Farrar, na Hammond. Adhabu ilibadilishwa, mwishowe wakalipa faini ya pauni 25,000 kila mmoja wakatoka mwezi Juni. Mark Twain, mwandishi wa Marekani, alikuwa anazunguka Afrika Kusini na mihadhara yake wakati huo, akapita jela kuwasalimia.

Kitabu cha mama ni shajara ya mwanamke anayehangaika na maofisa, anayebeba barua, anayelea watoto huku hajui kama mume atanyongwa. Na pale nyuma kabisa kuna mtoto wa kiume wa miaka saba anayeona haya yote. Huyo mtoto ndo anakuja kuwa mtu anayetaka kuamuru vitu kutoka mbali bila yeye kuwepo, na anayetaka kuishi nyuma ya kuta za mawe. Sisemi kwamba sababu ni hiyo moja. Ila ukikisoma hutoweza tena kuliona kasri kama mchezo wa tajiri tu.

Kwahiyo hela ya kasri ni dhahabu ya Afrika Kusini?

Kwa sehemu. Lazima niwe mkweli hapa maana nimeona watu wanaandika kwa hasira wanasema kasri lote limejengwa kwa jasho la wachimbaji wa Witwatersrand. Baba alichuma migodini, na Afrika Kusini ilikuwa sehemu moja tu, alishafanya kazi Marekani na Mexico pia na aliendelea baada ya hapo. Mtoto nae alikuja kuchuma mwenyewe kwa patenti zake, na alikuwa kwenye bodi ya kampuni ya redio ya RCA. Lakini mwanzo wake, maabara ya kwanza, shule nzuri, muda wa kujaribu mambo kumi yakashindikana tisa, hiyo ni kinga aliyopewa na baba, na baba aliipata ardhini, kwa mikono ya watu weusi walioshuka mashimoni.

Linaloniuma kwenye vitabu vyote, na ndo maana nimekaa kuandika majibu haya, ni kwamba wale watu hawana jina. Mama anawataja kama watumishi na umati. Baba ameandika wasifu wake mwaka 1935, juzuu mbili nene, The Autobiography of John Hays Hammond, anaeleza mitambo, anaeleza mawe, anaeleza chakula alichokula na marais, na mchimbaji anapita kama kivuli. Soma hivyo vitabu, vina utajiri wa habari, ila jisomee na historia ya migodi pembeni yake.

Wasifu mkubwa ni upi basi?

Viko viwili vya kutafuta. Cha kwanza ni cha Nancy Rubin, John Hays Hammond, Jr.: A Renaissance Man in the Twentieth Century, kilitoka 1987, na kasri lenyewe, ambalo sasa ni jumba la makumbusho, ndo lilikichapisha. Cha pili ni cha John Dandola, Living in the Past, Looking to the Future, na kichwa chake kwa kweli kimesema yote, kuishi jana huku unatazama kesho.

Rubin ndo wa kuanza nae ukimaliza cha mama. Anakupa mtu mzima, familia, ndoa, maabara, wageni. Kwasababu kimetoka kwa makumbusho, kina upendo kwa mwenyewe, sio kitabu cha kumshtaki. Mi sioni ubaya, alimradi msomaji anajua.

Vinapatikana wapi?

Vipya madukani usivitafute sana. Vya mitumba mtandaoni vipo, na maktaba za Massachusetts wanakuagizia toka maktaba nyingine bila malipo, ulizia dirishani. Mi cha Rubin nilinunua kwa muuzaji mmoja wa mitumba akaniandikia hali nzuri, kikaja kimekatwa kurasa za picha zote katikati, yaani mtu kachukua wembe. Omba picha ya ndani kabla hujalipa.

Ni kweli Edison ndo alimfundisha?

Inasimuliwa hivi: Jack akiwa na miaka 12 baba alimpeleka kwenye maabara ya Edison, yule mvumbuzi wa mambo ya umeme, West Orange, New Jersey, kijana akauliza maswali mpaka mzee akampenda, na urafiki ukaendelea. Alexander Graham Bell, yule wa simu, nae alikuwa mtu wa karibu. Vitabu vyote vinaipenda sehemu hii na vinaikuza.

Mi naona somo kubwa alilolipata halikuwa la umeme. Alipomaliza Yale mwaka 1910 alikwenda kufanya kazi ofisi ya patenti ya serikali. Fikiria, mtoto wa tajiri anakaa ofisini anasoma makaratasi ya wavumbuzi wengine. Ila huko ndo unajua nini kimeshavumbuliwa, wapi pana pengo, na namna ya kuandika ombi ambalo wakili wa mpinzani hawezi kulibomoa. Mwaka 1911 akafungua maabara yake ya redio Gloucester, kwenye eneo la familia.

Sasa si Tesla ndo wa kwanza kuongoza boti kwa redio?

Ndio. Nikola Tesla, mvumbuzi wa mambo ya umeme, alionyesha kiboti chake Madison Square Garden, New York, mwaka 1898, Jack akiwa na miaka kumi. Yeyote anayekwambia Hammond ndo alianza, hajasoma. Alichofanya Hammond ni kuitoa kwenye maonyesho na kuipeleka bahari halisi yenye mawimbi na upepo na adui.

Mwaka 1914 boti yake iliyoitwa Natalia ilikwenda kutoka Gloucester hadi Boston na kurudi ikiongozwa kwa redio. Ndani ilikuwa na gairoskopu, kile kifaa kinachozunguka na kukataa kuyumba, kwahiyo boti ilishika uelekeo yenyewe na mtu wa nchi kavu alikuwa anatuma amri za kubadilisha tu. Halafu kulikuwa na tatizo ambalo mpaka leo watu wa droni wanalilia: adui akijua wimbi lako la redio, anapiga kelele kwenye wimbi hilohilo na chombo chako kinakuwa kiziwi. Hammond alitumia miaka kutengeneza mifumo ambayo kipokezi hakikubali amri mpaka mawimbi zaidi ya moja yafike kwa mpangilio unaotakiwa, ni kama mlango wenye kufuli mbili.

Na tusifichane, lengo lilikuwa silaha. Jeshi la Marekani lilitaka torpedo, bomu linalokwenda ndani ya maji, liongozwe kutoka pwani likaipige meli. Mwaka 1916 bunge lao lilipitisha fedha kwa ajili hiyo, ila mazungumzo na majaribio yakaburuzwa miaka mingi.

Kuna kitabu cha mambo ya ufundi peke yake?

Viwili, na hapa nafurahi mtu akiniuliza maana ni wachache.

Cha kale ni Radiodynamics cha B. F. Miessner, 1916. Miessner alikuwa fundi kijana aliyefanya kazi kwenye maabara ya Hammond miaka ile ya mwanzo, kwahiyo anaandika kitu alichokishika kwa mkono. Humo utakutana na mbwa wa umeme. Mwaka 1912 walitengeneza kisanduku chenye magurudumu na macho mawili ya seleni, madini ambayo yakipigwa na mwanga yanapitisha umeme zaidi, ukiwasha tochi mbele yake usiku kinakufuata, ukisogea kushoto kinasogea kushoto. Jicho lenye mwanga mwingi linageuza usukani upande huo, basi, hakuna uchawi. Ukielewa mbwa huyo umeelewa kombora linalofuata joto la ndege. Kiko bure Internet Archive, maktaba nyingine ya mtandaoni. Pia kisome kwasababu historia hupenda kumpa sifa zote mwenye maabara, na huku unaona wazi kulikuwa na vichwa vingine ndani ya chumba.

Cha sasa ni cha H. R. Everett, Unmanned Systems of World Wars I and II, MIT Press 2015. Kitabu kizito, picha nyingi, Hammond amepewa nafasi ya kutosha na amewekwa katikati ya wenzake wa nchi nyingine. Kama wewe ni fundi wa elektroniki hiki kitakukalisha macho. Kama sio, kiazime tu.

Yeye ndo katengeneza kile kinanda cha Hammond cha kanisani?

HAPANA. Hili swali naulizwa kila wiki na wanakwaya, na naelewa kwanini. Kinanda cha Hammond, kile cha umeme ambacho makanisa mengi yanacho na kilichotoka sokoni 1935, ni cha Laurens Hammond wa Chicago, mtu mwingine kabisa.

Kinachochanganya zaidi ni kwamba Jack nae alikuwa mwehu wa muziki. Ndani ya kasri kuna kinanda kikubwa cha mabomba, zaidi ya 8,000, kilichojengwa na kuongezwa kwa miaka mingi, na ukumbi mkubwa wa mita kama 30 kwa urefu na dari ya mita karibu 18 ni kama umejengwa kukizunguka. Alifanya uvumbuzi kwenye piano pia. Ajabu ni kwamba yeye mwenyewe hakuwa mpigaji wa kinanda hicho kwa kiwango cha kutoa tamasha, aliwaita mabingwa. Baada ya kufa kwake, miaka ya 1970, kasri lilinunuliwa na Virgil Fox, mpiga kinanda maarufu wa Marekani, kwa ajili ya kinanda hicho hasa.

Ni nini kiko ndani ya hilo kasri, vitabu vinasemaje?

Picha za kitabu hazitoshi lakini nitajaribu. Nilikwenda mara mbili.

Katikati kuna ua wenye paa la vioo na bwawa. Kuzunguka bwawa amesimamisha nyuso za nyumba za Ufaransa za zama za kati, mbao na mawe halisi aliyoyanunua na kuyasafirisha, kwahiyo unasimama ndani ya nyumba lakini unajiona uko kwenye kijiji. Kwenye paa aliweka mabomba ya maji: akitaka inanyesha, manyunyu ya kumwagilia mimea mpaka mvua kubwa, ndani ya nyumba, mchana jua likiwaka nje. Alirekebisha pia mwanga uonekane kama mbalamwezi. Inasimuliwa alikuwa anafungua dirisha la chumba chake juu anajitupa bwawani mbele ya wageni waliodhani maji ni ya kina cha kiganja.

Chumba kimoja cha wageni kina karatasi ya ukutani iliyopita juu ya milango, ukishafunga mlango hauoni tena umeingilia wapi. Nilisimama mle nikakumbuka jela ya Pretoria, na hiyo ndo athari ya kusoma kitabu cha mama.

Mke wake, Irene Fenton, alikuwa mchoraji, walioana 1925, na wengi wanasema kasri lilikuwa zawadi kwake. Vitabu havimtendei haki. Anaonekana kwenye picha, anaonekana kwenye chakula cha jioni na wageni wakubwa, halafu anapotea. Alifariki 1959. Anayetaka kuandika kitabu kipya, aandike cha Irene.

Kuna makumbusho ya Hammond New York, ndo hilohilo?

Hapana, la North Salem ni la dada yake, Natalie Hays Hammond, msanii, lina bustani ya Kijapani. Msifunge safari ya bure.

Habari za mizimu je?

Jack mwenyewe alipenda mambo ya roho na majaribio ya kusoma mawazo, hilo lipo kwenye vitabu. Paka wake wa Siam nao wana hadithi zao nyingi. Ila vile vijitabu vya mizimu tu, vinavyoligeuza kasri zima kuwa nyumba ya kutishia watoto, mi sivipendekezi. Vinakula nafasi ya mtu aliyefikiri.

Nikiwa Lowell au Boston nafikaje?

Ndugu zetu wengi wako Lowell na Lawrence, kwa gari ni kama saa moja. Toka Boston kuna treni North Station, laini ya Rockport, unashuka Gloucester halafu unachukua teksi maana kasri liko nje ya mji, Hesperus Avenue, upande wa Magnolia. Wana msimu wao wa kufungua, angalia kabla hujatoka, na nunua tiketi mapema kama ni Oktoba.

Ukimaliza ndani, zunguka nyuma upande wa bahari. Mwamba unaouona majini unaitwa Norman's Woe, ndo ule wa shairi la Longfellow, la nahodha aliyemfunga binti yake kwenye mlingoti dhoruba ilipokuja. Hapo ndo maji ambayo boti ya Natalia ilikuwa inapita. Upepo ni mkali hata Julai, beba sweta.